Kiraka cha kanga ndani ya shati la Babu: nani asimulie hadithi hii?

Mjukuu wa Igombe

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Ninaandika hadithi fupi kuhusu ndoa ya watu wawili wa mwambao wa Ziwa Victoria, na nimekwama mahali ambapo naamini wasomaji na waandishi wa jukwaa hili wanaweza kunikwamua.

Chanzo cha hadithi ni nyumba ya Babu na Bibi, waliofunga ndoa kanisani na kuishi Igombe hadi walipofariki. Babu alikuwa mvuvi wa dagaa. Kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, maisha ya nyumba ile yaliendeshwa na mwezi: giza likiingia, Babu alikwenda kambini visiwani, upande wa Ukerewe, na mbalamwezi ikikomaa alirudi nyumbani, akalala mchana kutwa, akatengeneza banda la mbuzi, akagombana na wajomba zangu. Bibi hakuhitaji kalenda. Mwaka 1983, wakati nguo zilikuwa adimu na mtu mzima alijivunia shati moja la maana, Babu alirudi na shati lake la bluu likiwa limechanika kwapani na kutiwa kiraka kwa ndani. Kiraka kilikuwa cha kanga. Bibi alikiona alipokuwa akifua ziwani; akaligeuza shati, akalitazama kwa kitambo, kisha akalianika juu ya jiwe pamoja na nguo nyingine. Hakusema neno siku ile, wala watoto wake hawakumsikia akilisema siku nyingine yoyote.

Ugumu wangu ni kwamba kila mtu anaikumbuka siku ile kwa namna yake. Mama mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa darasa la nne, anaapa kwamba kiraka kilikuwa na herufi za jina la kanga, N-G-O-J, na kwamba yeye ndiye aliyemsomea Bibi, ambaye hakujua kusoma. Mama anasema hapakuwa na herufi hata moja; palikuwa na nusu ya korosho, nyeusi juu ya nyekundu. Mama mkubwa anasema shati lilichomwa moto. Mama anasema lilivaliwa hadi likaisha. Mjomba anasema shati hilo halikuwahi kuwapo, na anayelitaja anataka kumchafua baba yao.

Rasimu yangu ya kwanza niliiandika katika nafsi ya tatu, kwa msimulizi anayejua yote. Nilimfuata Babu hadi kisiwani na kumwonyesha yule mwanamke, na mwishoni nilimfanya Babu afariki katika ajali ya meli ya MV Bukoba akiwa safarini pamoja naye, ndipo ukoo mzima unapojua. Babu mwenyewe alifia kitandani kwake kwa maradhi. Mama aliisoma rasimu, akanirudishia karatasi, akaniambia kwamba ninamvua marehemu nguo mbele za watu. Sijaandika sentensi tangu siku hiyo. Nauliza: nani asimulie hadithi hii, na je, ninayo haki ya kuchagua kumbukumbu moja na kuziacha nyingine?

Mwalimu Mstaafu, Nyakato

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na jambo lililoniuma, nawe uniwie radhi. MV Bukoba iondoe. Meli ile ilizama asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, ikiwa na watu wengi kuliko 430 walioruhusiwa kupanda. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na wapo waliozikwa katika makaburi ya pamoja pale Igoma bila ndugu zao kujua yupi ni yupi. Naelewa kwa nini orodha isiyo na majina imvutie mtu anayeandika juu ya siri ya ndoa. Lakini msiba wa mamia ya watu hauwezi kutumwa kazi ya kufichua mambo ya nyumba moja, hasa katika mji huu ambao mpaka leo una watu wanaokwenda Igoma kila Mei. Tena hadithi yako haiuhitaji. Shati limeshasema kila kitu miaka 13 kabla ya meli kuzama.

Kuhusu msimulizi, ningekushauri nafsi ya kwanza, na awe mjukuu. Msimulizi anayejua yote atalazimika kujua kiraka kilikuwa na herufi au korosho, na akishajua, basi Mama mkubwa au Mama atakuwa amesema uongo, na hadithi itageuka kuwa hukumu. Mjukuu hana mzigo huo. Yeye amepokea shati ambalo hajapata kuliona, kutoka kwa watu watatu wanaolikumbuka kwa namna tatu, na mapokezi hayo ndiyo hadithi yenyewe. Usichague kumbukumbu. Waweke Mama na Mama mkubwa kwenye mkeka mmoja, wakichambua dagaa, kila mmoja akitupa kichwa cha samaki furu pembeni anapomkatiza mwenzake, na uache wabishane juu ya herufi hizo huku mikono haisimami.

Angalia pia usitumie kisengere nyuma, yaani kuirudisha hadithi kwenye matukio ya zamani, kirefu kiasi cha kumfanya msomaji asahau nani anakumbuka. Giza na mbalamwezi tayari zinakupa migawanyo ya hadithi yako; huna haja ya namba wala vichwa vidogo.

Mvuvi wa Kirumba

Mimi si mwandishi, ila nimevua dagaa tangu mwaka 1989, na hadithi za ziwa huwa nazisoma kwa makini kwa sababu waandishi wengi huzikosea. Dada, nina mambo matatu, na la tatu ndilo kubwa.

Kwanza, hakikisha katika hadithi yako hakuna mtu anayekwenda kuvua dagaa kwa karabai huku mwezi mpevu uko juu. Mwanga wa mwezi ukitanda ziwa zima, taa haivuti kitu, na ndiyo maana mitumbwi hupandishwa ufukweni na watu hurudi makwao.

Pili, umesema Bibi aliona kiraka cha kanga akajua. Tafakari kidogo. Mvuvi ni mtu wa sindano. Anayeshona nyavu mchana kutwa hashindwi kutia kiraka kwapani mwa shati, na vipande vya kanga kuukuu havikosekani kambini, kwa sababu vinafutia vioo vya karabai na kuchujia mafuta ya taa. Kwa hiyo kiraka peke yake si ushahidi. Kinachoweza kumsema mtu ni mshono. Sisi tumezoea kufunga fundo kila tundu. Mkono wetu ni mzito, na uzi wetu ni uleule wa nyavu. Kama Bibi aliligeuza shati akakuta mshono mdogo mdogo, uliokwenda sawasawa kuzunguka kiraka, hapo alikuwa na sababu ya kutazama kwa kitambo. Muulize Mama kuhusu uzi. Watu hubishana kuhusu rangi ya kitambaa, lakini uzi wanaweza kuukumbuka bila kujua kwamba wanaukumbuka.

Tatu, mtumbwi wa dagaa hauendi na mtu mmoja. Kwa kawaida ni watu wanne: wa kuangalia taa, wa kupiga kasia, wa kuvuta wavu. Kama Babu alikuwa na nyumba kisiwani, basi wanaume wengine watatu walikula katika nyumba hiyo, na huenda wote walikuwa wa Igombe. Wake zao walichota maji pamoja na Bibi. Ninachokuambia ni kwamba siri ile inawezekana haikuwa siri kwa mtu yeyote, na Bibi alipolianika shati juu ya jiwe, aliwaanikia wanawake waliokuwa wanajua kabla yake. Mimi nimekaa kwenye mtumbwi wa namna hiyo. Nimekula ugali wa mwanamke wa kisiwani, na siku ya kurudi nimeulizwa na mke wa mwenzangu, "Shemeji, habari za huko?" nikajibu, "Nzuri." Neno hilo moja bado linanisumbua, na mwenzangu alishafariki.

Binti wa Kisiwani

Nimeusoma uzi huu mara tatu kabla ya kuandika. Mimi ni mtoto wa ile nyumba nyingine. Si ya Babu yako, dada, usishtuke. Ya mvuvi mwingine, kisiwa kingine, miaka mingine. Lakini mnapozungumza juu ya "mwanamke wa kisiwani" mnamzungumzia mama yangu, na ningependa apate nafasi katika ukumbi huu.

Nyinyi mlihesabu mbalamwezi. Sisi tulihesabu giza. Kwa watoto wengine usiku wa giza ulikuwa wa kutisha, kwetu ulikuwa wa Baba. Mama alikuwa akianika dagaa juu ya mawe, akiwageuza kwa ufagio wa chelewa kabla jua halijawa kali, na mvua ikinyesha ghafla sote tulikimbia kuwazoa, kwa maana dagaa walioloa walikuwa hasara ya wiki nzima. Baba alipoanza kukunja vitu vyake, Mama alizikagua nguo zake moja moja. Palipochanika alishona. Naye alishona kwa ndani daima. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini anajitesa, maana kiraka cha nje ni cha haraka, akanijibu kwamba kiraka cha nje kinaonwa na kila mtu, na Baba anakokwenda ana watu wake wa kumheshimu. Alikuwa akimshonea asiaibike mbele ya mkewe. Sijui niliite jina gani tendo hilo, lakini nililiona kwa macho yangu, nikiwa nimemshikia kibatari.

Kwa hiyo ninaomba jambo moja. Neno hawara likitumika, litoke katika kinywa cha mhusika, lisitoke kwa msimulizi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika kwa watu kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana, ingawa dhana hiyo inaweza kukanushwa. Kwa Babu yako aliyefunga ndoa kanisani ingekanushwa mara moja, najua. Lakini majirani wa kisiwani hawakuwa na kifungu. Walimwita mama yangu Mama Fulani, mke wa Fulani, na alipougua walimletea uji kwa jina hilo. Siku ya mazishi ya Baba, huku bara, tulikaa nyuma kabisa, na hakuna aliyetuuliza sisi ni akina nani, kwa sababu walijua.

Mwalimu Mstaafu, Nyakato

Binti, pole, na asante kwa kutuandikia. Naafiki kuhusu neno hawara. Ninalo shaka moja tu, nalo ni la kiufundi: msimulizi mjukuu hawezi kuingia katika jiko la kisiwani ambalo hakuliona, na akiingia kwa nguvu atakuwa anabuni huruma ili msomaji amsifu. Kama mwanamke yule ataingia katika hadithi, aingie kwa kile alichokiacha kwenye shati, na si zaidi. Naamini mshono wa ndani unatosha kumfanya mtu. Umetosha kwangu niliposoma maneno yako.

Mjukuu wa Igombe

Nawashukuru wote, na Binti wa Kisiwani nimekuandikia pembeni. MV Bukoba nimeiondoa. Msimulizi sasa ni mjukuu, na Mama na Mama mkubwa wako kwenye mkeka.

Jumapili, baada ya kutoka kanisani, nilimfuata Mama jikoni. Sikumuuliza habari ya mwanamke wala ya Babu. Nilifanya kama alivyoshauri kaka Mvuvi, nikauliza uzi ulikuwa wa rangi gani. Alikuwa akimenya viazi. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilidhani ameamua kutonijibu, kisha akasema ulikuwa mwekundu, wa kuvutwa kutoka kwenye pindo la kanga yenyewe kwa sababu uzi wa dukani haukupatikana mwaka ule, na mshono ulikuwa mdogo mdogo kama wa mtawa. Akaongeza jambo ambalo sijapata kulisikia katika nyumba yetu, hata kwa Mama mkubwa. Baada ya siku chache shati lile lilichanika kwapa la pili. Bibi alichukua kanga yake mwenyewe, ile ya kushindia, akakata kipande kwenye ncha, akavuta uzi kutoka kwenye pindo, akashona. Mama anakumbuka kwa sababu alitumwa kushika kitambaa kisicheze. Bibi siku zote alikuwa akitia viraka kwa nje, kama kila mtu pale Igombe. Hicho alikitia kwa ndani.

Nilimuuliza kama naruhusiwa kuliandika hilo. Hakusema ndiyo wala hapana. Alisema nikimaliza nimsomee yeye kwanza, kabla ya Mjomba.

Kaka Mvuvi, naomba msaada wako mara nyingine. Baada ya mwezi mpevu, zamani zile za karabai, kambi zilianza kuvua tena usiku wa ngapi? Nataka siku ambayo Babu alirudi kisiwani akiwa amevaa shati lenye viraka viwili iwe sahihi.