Wageni wa Mnemba: losheni, zinki au fulana?

Mwongoza_Muyuni: Assalaam alaikum. Naandaa ujumbe wa wageni wa kusoma kabla ya kupanda mashua ya kwenda kisiwa cha Mnemba, Zanzibar. Jua la saa nne hadi saa kumi ndilo linalowaunguza. Nitangulize losheni ya kawaida ya kukinga jua, ya zinki (madini meupe yanayozuia jua), au fulana ya kuogelea ya mikono mirefu?

Bi_Mfamasia: Wa alaikum salaam. Fulana. Yenye alama ya UPF 50, yaani kipimo cha kinga ya nguo, hupitisha sehemu 1 tu kati ya 50 ya mionzi ya jua, na maji ya chumvi hayaiondoi mwilini. Losheni ya SPF 30, yaani kipimo cha kinga ya losheni, huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile inayounguza ngozi, ya SPF 50 asilimia 98, lakini vipimo hivyo ni vya miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba, na watu wengi hupaka nusu ya hapo au chini yake. Mtu mzima anahitaji kama mililita 30 kwa mwili mzima, kila baada ya saa mbili na kila akitoka majini. Chupa ya mililita 100 haiwatoshi watu wanne hata kwa mpako mmoja!

mtoto_wa_pwani: Na mafuta ya nazi?

Bi_Mfamasia: Hapana, mwanangu. Kinga yake ni ndogo mno. Yapakwe usiku.

Nahodha_Matemwe: Bi Mfamasia kasema kweli, ila fulana ya pamba nyeupe isihesabiwe. Ikirowa hugandana na ngozi na kupitisha mionzi zaidi. Halafu anayetazama samaki huelea kifudifudi, kwa hiyo panapoungua ni shingo, nyuma ya mapaja na nyuma ya magoti, pale pale mikono isipofika vizuri. Apakwe na mwenziwe, robo saa kabla ya kuingia majini. Maji yanampoza, hasikii kitu. Wekundu hutokea jioni. Turubai ni lazima, lakini mchanga na maji huakisi jua mpaka chini yake.

Matumbawe: Kwa sehemu zisizofunikwa, zinki. Wasome viambato: oksibenzoni na oktinoksati zinashukiwa kudhuru matumbawe, na Hawaii imepiga marufuku uuzaji wa losheni zenye kemikali hizo tangu 2021. Maneno "salama kwa matumbawe" kwenye chupa hayatoshi, kila kampuni huyaandika itakavyo. Taabu ya zinki ni weupe wake, mtu huona haya akapaka kidogo. Aweke nukta nukta, asambaze kidogo kidogo. Bado fulana ni bora, maana losheni inayoingia baharini inapungua.

Mwongoza_Muyuni: Ahsanteni. Wapo wanaomeza doksisaikilini kwa ajili ya malaria.

Bi_Mfamasia: Hao ngozi huungua upesi zaidi. Wasiache dawa, wavae fulana, suruali nyepesi ya kuogelea na kofia pana ya ukili wakiwa mashuani. Na jioni, jua likiwa bado lipo, losheni kwanza, ikauke, ndipo dawa ya mbu.

Nahodha_Matemwe: Maji yakiruhusu, ng'oa nanga saa moja asubuhi. Chupa zisiachwe juani mashuani, joto huharibu losheni.