Tupeane uzoefu: bima ilikukatalia upasuaji wa kupunguza uzito?

MamaKatuba
Leo asubuhi soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, nimemwona mama ameketi juu ya kiroba cha unga, anahema, jasho linamtiririka, watu wanampita tu. Nikajiona mimi wa miaka mitatu nyuma. Sisi tuliopigania asiransi, yaani bima, itukubalie upasuaji wa tumbo, njooni tusimuliane.

Urefu wangu ni mita 1.62, na nilikuwa na kilo 118. Ukigawa kilo kwa urefu mara urefu unapata karibu 45. Munganga, yaani daktari, alisema kuanzia 40 mtu anastahili, na hata 35 kama ana sukari au presha. Presha ninayo tangu mimba ya pili. Bwana yangu anafanya kazi ya machimbo na sote tuko kwenye bima ya kampuni, basi nikadhani ni kupeleka dosiye, yaani faili la maombi, na kungoja muhuri.

Baada ya wiki tano ikarudi na mstari mmoja: upasuaji wa urembo haulipiwi. Urembo! Mimi niliyekuwa nafungwa viatu na mtoto wa darasa la pili. Nikaenda biro, ofisi yao. Kijana wa dirishani akaangalia karatasi, akaniangalia mimi, akasema watu wote wasikie: "Mama, mbona umependeza hivyo? Bwana anakulisha vizuri." Benchi zima likacheka. Nilitoka bila kuaga, nikalia ndani ya taksi mpaka nyumbani. Hilo lilinikata kuliko kisu chenyewe.

Yaya wa Ruashi
Ni vile, mama. Na mimi neno lilikuwa lile lile, urembo.

MwanaKamalondo
Kina mama mnisamehe. Punguzeni bukari (ugali), tembeeni kwa miguu toka Katuba mpaka mjini, makuta (pesa) ya bima yabaki kwa wenye malaria.

Yaya wa Ruashi
Kaka, nimetembea. Bukari niliiacha miezi minane, nikapungua kilo 11, zikarudi 14. Munganga alinieleza kwamba ukikonda, mwili unaongeza homoni ya njaa inayoitwa ghrelini, unakudai ulichounyima. Wakikata mfuko wa chakula tumboni wanaondoa kama robo tatu yake, na humo ndimo homoni hiyo nyingi inakotoka. Usitufanye walafi.

MwanaKamalondo
Nasema ninachokiona. Marehemu mama yangu alilima mpaka uzee, hakunenepa.

MamaKatuba
Baba, hapa tunazungumza bima. Kama hujawahi kupeleka dosiye, tuachie nafasi.

Shemeji wa dereva
Naandika mkono unatetemeka. Shemeji yangu alikuwa anaendesha lori la shaba, Lubumbashi mpaka Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Kilo 140 na zaidi. Usiku anakoroma nyumba nzima inasikia, halafu kimya. Unahesabu: moja, mbili, mpaka kumi na tano, ndipo anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini. Dada yangu alikuwa halali, kazi yake kumsukuma. Munganga akasema ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, akamwandikia upasuaji.

Bima ikajibu: alete kwanza ushahidi wa miezi sita ya kufuata mlo chini ya munganga. Miaka kumi alikuwa anajinyima, lakini nani anaandika alichokosa kula? Akaanza kuhesabu miezi upya. Mwezi wa nne, kwenye foleni ya malori karibu na mpaka, saa nane mchana, akasinzia mguu ukiwa kwenye breki. Lori halikukimbia. Lilisogea tu, pole pole, likambana kijana muuza maji kati yake na lori la mbele.

Kijana yuko hai. Mguu mmoja hana. Shemeji hajagusa usukani tangu siku ile, na usiku bado dada anamsukuma. Dosiye iko pale pale.

Binti Kipushi
Mungu wangu. Huyo kijana ana nani wa kumsaidia?

Shemeji wa dereva
Mama yake. Dada yangu anawapelekea unga kila mwisho wa mwezi. Hatujamwambia shemeji.

Yaya wa Ruashi
Tunaweza kuchanga. Niandikie pembeni.

Mwalimu mstaafu
Pole sana. Shemeji aombe kuonana na munganga mshauri wa bima mwenyewe, siyo watu wa dirishani. Na apitie kwa mkuu wa wafanyakazi, kampuni ndiyo inayolipa bima, ikisema inasikilizwa.

Binti Kipushi
Asipitie kwa mkuu! Mimi nilipita huko, wiki iliyofuata kantini nzima ilijua kilo zangu.

Mwalimu mstaafu
Kwangu mkuu ndiye aliyesaidia. Inategemea mtu.

Dada yuko Ubelgiji
Kwa dada yangu huku Ubelgiji pia walidai karatasi: mwaka mzima wa mlo bila mafanikio, kisha mpasuaji, munganga wa magonjwa ya ndani na mwanasaikolojia wote wakubaliane. Lakini pale sheria imeandikwa, unajua unachongoja.

MamaKatuba
Shemeji, nisikie. Mimi nilishinda mara ya pili kwa sababu munganga alibadilisha barua. Ya kwanza ilisema "kupunguza uzito". Ya pili ilitaja ugonjwa kwa namba yake ya kiganga, E66 ya unene, na presha I10 chini yake, na dawa zote nilizomeza. Barua ya shemeji yako iweke G47.3, ndiyo ya kukatika pumzi. Nilikuwa nimepimwa mizani kila mwezi kituo cha afya, kila safari naomba tarehe na muhuri. Nakala moja nikabaki nayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Wakakubali, nikapasuliwa Afrika Kusini.

Na ulizeni mapema nani atalipa vitamini na madini. B12, chuma, kalisi (kalsiamu), ni za maisha. Bima yangu ilizikataa, nazinunua mwenyewe. Na nilipokonda, mtaani wakaanza kunong'ona kwamba nina ule ugonjwa. Mama mkwe alinijia na maombi. Jiandaeni kwa hilo pia.

MwanaKamalondo
Habari ya dereva imeniuma. Niliyosema juu nayaondoa.

Shemeji wa dereva
Mama Katuba, hizo namba munganga wa hapa atazijua, au nimwandikie kwenye karatasi? Kesho saa mbili tuko kwake.

MamaKatuba
Andika. Na dada aende naye, yeye ndiye anayehesabu zile sekunde usiku. Munganga azisikie kutoka kwake, aziweke kwenye barua.