Mteja wa miaka 54 ana kisukari na presha, sildenafili 50 mg ya nguvu za kiume imegoma mara tatu. Kosa liko wapi?

DirishaLaDawa

Wakuu, heshima kwenu. Naomba msaada wa wale mnaokutana na wagonjwa wa namna hii kila siku.

Mteja ni mwanaume wa miaka 54. Kisukari anacho mwaka wa tisa sasa, presha mwaka wa sita. Anameza metformini 500 mg asubuhi na jioni, atenololi 50 mg na haidroklorothiazaidi 25 mg. Tatizo limeanza taratibu, yapata mwaka na nusu: mwanzoni uume ulisimama ukalegea katikati ya tendo, siku hizi haufikii ugumu wa kuingia. Hamu anayo. Kusimama kwa alfajiri nako kumekuwa kwa nadra. Mwezi uliopita aliandikiwa sildenafili 50 mg, ameimeza mara tatu, hakuna kitu. Sasa anataka apandishiwe hadi 100, na ameshaanza kuulizia vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa kama dawa ya asili ya nguvu za kiume.

Anavyoitumia kwa maelezo yake: anakula chakula cha usiku, saa mbili na nusu anameza kidonge, anakaa sebuleni kuangalia taarifa ya habari "mpaka dawa ifanye kazi", halafu ndiyo anaingia chumbani.

Je, dozi ni ndogo kweli? Na hizo dawa za presha, mojawapo inaweza kuwa ndiyo chanzo? Vipimo gani afanye kabla ya kuongezewa?

---

MfamasiaWaZamu

Dozi iache kwanza, anza na anavyoimeza. Kwenye maelezo yake kuna makosa mawili, na lolote kati ya hayo linatosha kuifanya dawa ionekane maji.

La kwanza ni chakula. Sildenafili ikikuta tumbo lenye mlo wa mafuta, inachelewa kufika kilele kwenye damu kwa takriban saa nzima, na kilele chenyewe kinashuka kwa karibu asilimia 29. Pilau, wali wa nazi na samaki wa kukaanga, chipsi mayai, yote hayo yamo. Ikimezwa tumbo likiwa tupu, wengi inaanza kuwafanyia kazi kati ya dakika 30 na 60, na nguvu yake inakuwepo kwa saa nne hivi. Kwa hiyo aimeze kabla ya kula, au ale chakula chepesi mapema, saa kumi na mbili jioni kwa mfano, kidonge kifuate saa tatu usiku.

La pili ndilo kubwa, na wagonjwa wengi hawaelezwi. Kidonge hiki hakisimamishi uume. Mwanaume akisisimka, kwa kuguswa au kwa mawazo, mishipa ya fahamu ya uume na kuta za mishipa ya damu hutoa naitriki oksaidi. Hiyo inazalisha kemikali inayoitwa cGMP, na cGMP ndiyo inayolegeza misuli laini ili damu ijae na kubanwa humo ndani. Mwili una kimeng'enya chake, PDE5, ambacho kazi yake ni kuivunja cGMP. Sildenafili inakizuia hicho kimeng'enya, basi. Asiposisimka, cGMP haizalishwi, na dawa haina cha kulinda. Huyu mteja amekuwa akisubiri dawa ianze ili ndipo amsogelee mke wake. Mwambie ageuze: ameze, saa moja baadaye wawe pamoja, waguswane bila haraka, na mke ajue kidonge kimemezwa. Akimficha, mara nyingi muda wote wa dawa unaishia kwenye wasiwasi, na wasiwasi humwaga adrenalini inayobana mishipa ile ile tunayotaka ilegee.

Akishaimeza hivyo mara mbili tatu na 50 haimtoshi, na hana kizuizi, daktari anaweza kumpandisha hadi 100 mg, mara moja tu ndani ya saa 24. Usikubali neno "imeshindwa" kabla ya majaribio 6 hadi 8 ya siku tofauti kwa dozi ya juu anayoivumilia. Mara tatu juu ya tumbo lililojaa hazihesabiki.

Wanaoanzia 25 mg ni waliozidi miaka 65, wenye ini bovu au figo zilizoshuka sana, na wanaotumia dawa za tezi dume aina ya tamsulosini. Anayemeza ARV zenye ritonaviri asizidishe 25 mg ndani ya saa 48, kwa sababu ritonaviri inaipandisha sildenafili mara nyingi sana kwenye damu. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: inaziyeyusha dawa hizi upesi mpaka hazifiki kiwango.

Kuna pia tadalafili, ya kundi hilo hilo. Chakula hakiisumbui, inakaa hadi saa 36, inaanzwa na 10 mg na kuishia 20, au 5 mg kila siku kwa saa ile ile. Kwa mwenye kisukari ambaye kufuata saa kunamtia wasiwasi, hiyo ya kila siku mara nyingi inamfaa zaidi. Maudhi ya zote mbili ni kichwa kuuma, uso kuwaka, pua kuziba na kiungulia. Sildenafili inaweza kumfanya aone vitu vina rangi ya bluu kidogo, tadalafili inaweza kuleta maumivu ya mgongo. Asiyeona ghafla kwa jicho moja, au uume ukakaa umesimama zaidi ya saa nne, aende hospitali usiku huo huo, asingoje kupambazuke. Mwenye selimundu amwambie daktari kabla ya kuanza, maana hatari ya uume kugoma kulala kwake ni kubwa.

---

KlinikiYaSukari

Mfamasia amemaliza upande wa kidonge. Mimi naogopa moyo wa huyu mtu kuliko kitu kingine.

Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ina upana wa milimita 1 hadi 2. Ile ya moyo ni milimita 3 hadi 4. Ugonjwa unaoiziba ni mmoja, kwa hiyo mwembamba hulalamika kwanza, na mara nyingi hutangulia dalili za moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Mwanaume wa miaka 54, kisukari miaka tisa, presha, tatizo limeingia polepole na kusimama kwa alfajiri kumepotea: hiyo ni sura ya mishipa ya damu na ya fahamu iliyochakaa. Ya mawazo huwa na sura nyingine. Huanza ghafla, huja na kuondoka, na alfajiri mambo yako sawa.

Umemuuliza kama kifua hubana akipanda mlima au ngazi? Umemuuliza kama ana kidonge chochote cha kuweka chini ya ulimi? Hayo mawili yatangulie kila kitu. Asiyeweza kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa haraka bila kifua kubana hapewi dawa hii mpaka moyo uangaliwe.

Vipimo: presha ipimwe akiwa ametulia. HbA1c, kwa sababu sukari ya asubuhi moja haionyeshi miezi mitatu iliyopita. Mafuta kwenye damu, kreatinini ya kuangalia figo, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Testosteroni, homoni ya kiume, ichukuliwe asubuhi kabla ya saa tano, maana mchana hushuka yenyewe na jibu litadanganya. Ikitoka chini, irudiwe siku nyingine kabla ya kumwambia mtu ana upungufu. Chini ya 8 nmol/L mara mbili ni upungufu wa kweli, kati ya 8 na 12 ni eneo la kujadiliwa na daktari. Hamu anayo, kwa hiyo hapo sitegemei makubwa, lakini wenye kisukari huwa nayo chini mara nyingi kuliko wengine. Daktari amshike pia uume wenyewe, kwa govi lililobana au makovu yanayoupinda. Hilo husahaulika, na wenye sukari ya juu govi huwabana kwa fangasi za kujirudia.

Dawa za presha: ndiyo, atenololi na haidroklorothiazaidi zote mbili zinajulikana kwa hili. Losartani na wenzake hawana sifa hiyo, na kwa figo za mwenye kisukari ndio bora. Lakini abadilishiwe na aliyemwandikia. Asiache mwenyewe, wala famasi isimwachishe. Metformini haihusiki.

Na sukari yake ikibaki juu, hata 100 mg itaendelea kumsumbua, kwa sababu mishipa ya fahamu inayotoa ile naitriki oksaidi ndiyo inayokufa. Mazoezi ya kutoa jasho, dakika 40 mara nne kwa wiki, huleta tofauti inayopimika ndani ya miezi sita. Sigara aache kabisa.

---

MiziziNaMajani

Niongeze kuhusu vumbi la Kongo, kwa kuwa ndiko mteja anakoelekea.

Shida ya unga wowote wa namna ile ni kwamba hakuna anayejua kijiko kimebeba nini. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imetoa maonyo kwa miaka mingi juu ya bidhaa za "asili" za nguvu za kiume zilizopimwa zikakutwa na sildenafili au tadalafili ambayo haikuandikwa kwenye kopo. Ukiona unga "wa mizizi" unaleta pua kuziba, uso kuwaka na kichwa kuuma nusu saa baada ya kulambwa, hizo ni dalili za dawa ya dukani. Akichanganya huo na kidonge chake, anameza dozi mbili bila kujua.

Alkasusu, kile kinywaji cha mitishamba, nayo aulizwe imetiwa nini. Yenye urukususu (mzizi mtamu) wa kweli, ikinywewa kila siku, hupandisha presha na kushusha potasiamu. Huyu tayari anameza haidroklorothiazaidi inayoshusha potasiamu hiyo hiyo. Moyo unaweza kuanza kudunda ovyo. Supu ya pweza anywe tu, ni chakula kizuri, ila haizibui mshipa.

---

DirishaLaDawa

Asanteni sana. Nimempigia simu na kumuuliza kama mlivyosema. Kifua humbana akitembea haraka, na katika hospitali nyingine alipewa isosobaidi dinitreti 5 mg ya kuweka chini ya ulimi. Hutumia mara mbili au tatu kwa mwezi. Aliyemwandikia sildenafili hakuambiwa, na mteja anasema hakujua kama ni muhimu. Zimebaki tembe tano nyumbani. Mara ya mwisho kuimeza ni juzi usiku.

---

KlinikiYaSukari

Basi yote tuliyosema juu ya kupandisha dozi yafute. Huyu hapewi sildenafili, wala tadalafili, wala unga, kwa kiwango chochote. Isosobaidi ni naitreti, na naitreti huongeza naitriki oksaidi mwili mzima, dawa hizi huzuia cGMP isivunjwe. Zikikutana presha huporomoka kiasi cha mtu kuzimia na moyo kukosa damu. Zile tembe tano azirudishe dirishani kwako leo.

Na lile la atenololi nalirudisha nyuma. Kwa mwenye kifua kinachobana, atenololi ndiyo inayoupunguzia moyo kazi, na kuikata ghafla kunaweza kuleta shambulio la moyo. Aendelee nayo kama kawaida mpaka daktari wa moyo aseme vingine.

Juzi usiku ni zaidi ya saa 24, kwa hiyo kifua kikimbana leo anaweza kutumia kidonge chake cha ulimi. Ingekuwa ndani ya saa 24 za sildenafili, au 48 za tadalafili, asingekigusa: angekaa chini, angepelekwa hospitali, na neno la kwanza kwa wahudumu lingekuwa jina la dawa na saa aliyoimeza. Mfundishe mke wake sentensi hiyo pia, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaweza kuona haya au asiweze kusema.

Rufaa iandikwe wiki hii. Akiwa Dar kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, mkoani aanzie hospitali ya rufaa. Kwenye karatasi andika dawa zote, na mstari wake peke yake: "isosobaidi ya chini ya ulimi, amemeza sildenafili mara tatu". Tendo la ndoa lisubiri mpaka apimwe.

---

MfamasiaWaZamu

Mwambie pia kwamba hajafungiwa mlango, maana akitoka dirishani amekata tamaa ataenda moja kwa moja kwenye vumbi. Daktari wa moyo akishamruhusu tendo, kuna pampu ya ombwe, ambayo haiingilii naitreti. Anyoe nywele za shina, apake jeli ya maji ukingoni mwa silinda, apampu mara moja mbili, apumzike kidogo, arudie. Inachukua dakika mbili hadi saba. Kisha anasogeza pete shinani na kutoa silinda. Pete isikae zaidi ya dakika 30, na mwenye kisukari atumie saa ya simu kuhesabu kwa sababu ganzi inaweza kumficha maumivu. Anunue yenye vali ya kupunguza mvuto. Zisizo na vali huacha michubuko.

Hatua ya baada ya hapo ni sindano ya alprostadili kwenye uume, dozi ya kwanza ikitolewa na daktari wa mfumo wa mkojo huku akiangaliwa. Tembe zikirudi, zihesabu mbele yake. Ziwe tano.