Yule afande wa kaunta na "chakula acha, wakili rudi naye"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukana msinisumbue. Nimetoka kituoni sasa hivi. Kituo gani? Mnakijua. Kile chenye mwarobaini na pikipiki zilizokaa mpaka zimeota majani. Na afande ninayemsema mnamjua, msijifanye. Yule wa kaunta, mwenye kijiti cha meno mdomoni tangu awamu ya pili, na kijiti ni kile kile. Kama umewahi kupoteza simu upande huu wa mji, RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ulichukua kwake, na alikuuliza kwa ukali kwa nini uliipoteza.

Leo kanifanyia kitu. Si mimi hasa, kamfanyia WAKILI. Mtu ana suti, ana mkoba, ana kitambulisho, ana hela yangu.

Kisa chenyewe kifupi. Mdogo wangu ni bodaboda. Jana jioni kampakia abiria mwenye televisheni, kona ya pili abiria karuka katokomea, televisheni kumbe ya wizi. Dogo, pikipiki na televisheni vikabebwa vyote kwenye difenda. Asubuhi mama kapika wali na maharage, kanikabidhi hotpoti. Mimi kwa akili zangu nikaongeza wakili. Nikajisemea leo tunakwenda kamili.

Tumefika. Wakili kijana mwenye adabu zake, kaanza na "shikamoo afande". Shikamoo haikupokelewa, mpaka sasa iko hewani pale kaunta. Kasema anaomba kuonana na mteja wake kabla hajaandikwa maelezo. Afande kamkagua kuanzia viatu kupanda juu, kafika kwenye tai kapumzika hapo. Halafu kafungua hotpoti.

"Onja."

Nikanyoosha mkono nionje, ndiyo kawaida, mwenye kuleta ndiye anaonja. Akasema si wewe. "Huyo mwenye tai."

Wakuu, mtu kasoma sheria chuo kikuu miaka minne, kaongeza uanasheria kwa vitendo, kaapishwa mbele ya Jaji Mkuu, leo kashika kijiko cha plastiki anaonja maharage mbele ya mama aliyekuja kushitaki kuku. Kaonja. Kameza. Afande kanyamaza kidogo aone kama atadondoka. Hakudondoka. Ndipo kijiti kikahama kutoka kushoto kwenda kulia, akatamka:

"Chakula acha. Wakili rudi naye."

Rudini hapo juu msome tena. Wakili RUDI NAYE, utadhani nimeleta begi lisiloruhusiwa. Nikasema afande, lakini kuna sheria. Akasema mpelelezi ndiye mwenye jalada na mpelelezi katoka. Katoka kwenda wapi? "Katoka." Anarudi lini? "Akirudi." Tena akatuchekea: kijana wenu mwelewa sana, maelezo kaandika usiku, kashapiga na dole gumba, hana shida na mtu. Huyo wakili atamkuta mahakamani, huko ndiko wanakofanyia kazi zao.

Na nyuma ya kichwa chake kuna bango, nililisoma lote kwa hasira: dhamana ni haki yako, dhamana ni bure. Nikauliza na dhamana je? Mpelelezi katoka.

Sina la zaidi. Dogo yuko ndani, maharage yameingia kumwona, wakili hakuingia. CHAKULA ACHA, WAKILI RUDI NAYE. Nikifumba macho nakisikia kile kijiti.

Kisiki_cha_Mpingo: Nakaa pale. Anayepita na kahawa aniachie kikombe.

Shangazi_Tabata: Pole mwanangu. Maharage yalikuwa ya nazi au ya kukaanga?

Mtoa mada: Shangazi, nimedhalilishwa hapa!

Shangazi_Tabata: Nimesikia baba. Nauliza kwa sababu ya nazi yanachacha upesi, na lile joto la mahabusu. Mwambie mama kesho aunge kwa mafuta.

DomoZege: Chai hii. Wakili gani atakubali kuonja maharage? Huyo ni kishoka, umemwokota chini ya mti pale nje ya mahakama ya mwanzo na mihuri yake mfukoni.

Mtoa mada: Ana namba ya uwakili, nimeiona kwa macho yangu.

DomoZege: Umeionja?

Kijana_wa_Buguruni: Si umesema kasoma uanasheria kwa vitendo? Ndiyo vitendo vyenyewe hivyo.

Mpiga_Pasi: Tatizo lenu mmeangalia sana muvi za Marekani, za "una haki ya kukaa kimya, una haki ya wakili". Yale ni mambo yao tangu kesi ya Miranda ya 1966. Hapa ukikaa kimya unaambiwa una kiburi.

Jalada_Limepotea: Mpiga_Pasi usipotoshe watu. Kukaa kimya kupo hata hapa, ndiyo maana yanaitwa maelezo ya onyo: kabla ya swali la kwanza lazima uambiwe jina na cheo cha anayekuhoji, kosa lako, na kwamba hulazimiki kujibu. Na kuhusu wakili, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 54 kwenye toleo la 2019: mtu aliye chini ya ulinzi akiomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, polisi wampe nafasi hiyo. Ila neno ni AKIOMBA. Mtoa mada, dogo aliomba?

Mtoa mada: Dogo angeomba maji wangemuuliza ya nini. Kwani aliambiwa kuna kuomba? Mimi naongelea yule wa kaunta. Wakili rudi naye!

Jalada_Limepotea: Sawa, tulia. Kuhojiwa nako kuna muda, saa nne tangu akamatwe, wakitaka zaidi wafuate utaratibu wa kuongeza.

Kijana_wa_Buguruni: Saa nne asubuhi au usiku?

Jalada_Limepotea: Masaa manne ya kukaa naye, ndugu yangu! Na kinachofurahisha ni kwamba muda wa kumsubiri wakili afike hauhesabiwi humo. Yaani aliyetunga sheria alishaona kabisa kwamba wakili atakuja pale kituoni, si mahakamani tu. Mahakama ya Rufani imeshayatupilia mbali maelezo ya onyo kwenye kesi nyingi kwa sababu ya kuchukuliwa nje ya muda. Mwambie wakili aulize dogo alishikwa saa ngapi na maelezo yameandikwa saa ngapi, hapo ndipo pa kuanzia.

Mtoa mada: Aulize vipi na kaambiwa arudi?

Afande_Mstaafu: Nimesoma mpaka hapa nimeona nijibu. Mimi nimepita CCP Moshi, chuo cha polisi, kaunta nimekaa, najua. Raia mnasoma kifungu nusu. Kifungu hicho hicho cha 54 kinaruhusu polisi kukataa asiwasiliane na ndugu au rafiki kama kuna sababu ya msingi ya kuamini mwenzake atatoroka au ushahidi utaharibiwa. Sasa yule mwenye televisheni kapatikana? Hajapatikana. Ndugu mnaingia na wakili, mnatoka, nusu saa nyingi mwizi yuko Chalinze.

Mtoa mada: Mzee shikamoo. Kwa hiyo wakili atamtorosha mtu ambaye hata dogo hamjui jina?

Afande_Mstaafu: Marahaba. Sijasema hivyo. Nasema askari naye ni binadamu, zamu ndefu, karatasi anajinunulia mwenyewe. Na ukistaafu unakutana na kikokotoo, ile hesabu ya mafao. Mnalilia wakili kunyimwa kumwona mtu siku moja, mie nalilia mafao yangu na hakuna aliyenifungulia uzi.

Mwalimu_wa_Zamu: Kikokotoo! Mzee umenigusa. Hapo ndipo penye uonevu wenyewe, mambo ya hotpoti yatapita.

Mtoa mada: Jamani.

Kisiki_cha_Mpingo: Afande_Mstaafu hajajibu suala la kijiko. Kifungu gani kinasema wakili aonje?

Afande_Mstaafu: Kuonja ni usalama. Mahabusu akidhurika, anayeulizwa ni mwenye zamu.

DomoZege: Na wakili akidhurika?

Kisauni_Original: Majirani, Mombasa hapa. Sisi haki hiyo iko ndani ya Katiba yenyewe ya 2010, kifungu cha 49: ukishikwa tu una haki ya kuwasiliana na wakili, na ufikishwe kortini kabla ya saa 24. Karatasini tumewapita. Ukifika stesheni unaambiwa jina halipo kwenye OB, kile kitabu cha matukio, jaribu ile stesheni nyingine. Unazungushwa mpaka usiku. Na msisahau wakili Willie Kimani. Mwaka 2016 alitoka mahakama ya Mavoko pamoja na mteja wake, mteja aliyekuwa ameshtaki polisi, na dereva wa teksi. Wote watatu wakapatikana mtoni Ol Donyo Sabuk. Kesi ikaenda mpaka 2022 ndiyo askari wakapatikana na hatia. Kwa hivyo huyo wenu aliyeonjeshwa maharage akashukuru Mungu.

Shangazi_Tabata: Inna lillahi. Hao vijana watatu niliwalilia na siwajui.

Mtoa mada: Nimekuelewa ndugu yangu wa Mombasa, ila hiyo haimpunguzii dhambi huyu wa kijiti.

Mpiga_Pasi: Na sisi tusio na hela ya wakili tunasemaje? Nyie mnagombania kuzuiwa mlangoni, wengine hata mlangoni hatufiki.

Jalada_Limepotea: Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kuna wasaidizi wa kisheria mitaani, hawatozi. Ulizia ustawi wa jamii wilayani.

Mpiga_Pasi: Niliulizia. Mhusika katoka.

MamaWawili_Chanika: Mnawatetea mawakili mpaka mnanishangaza. Mimi wangu kala laki tano, kesi ya kiwanja, kila tarehe anaumwa. Siku nikimkuta kituoni mimi mwenyewe nitamwonjesha kitu, na si maharage.

DomoZege: Hahaha! Laki tano ya nini, kufungua faili?

MamaWawili_Chanika: Faili, nauli, na "kumwona mtu". Huyo mtu sijamwona. Kiwanja kimeuzwa mara mbili, mwenzangu kashaanza kumwaga mchanga.

Mwalimu_wa_Zamu: Chanika ipi? Na mimi nina kiwanja huko, mchanga umemwagwa wiki hii!

MamaWawili_Chanika: Usiniambie ni wewe.

Mwalimu_wa_Zamu: Kina mfenesi katikati?

MamaWawili_Chanika: NI WEWE!

Kisiki_cha_Mpingo: Sasa hapa kahawa haitoshi, leteni na kashata.

Mtoa mada: Wakuu, dogo bado yuko ndani. Mods naomba hawa wa viwanja wapelekwe jukwaa lao.

Afande_Mstaafu: Subiri kwanza kijana, hili la kiwanja ni zito. Mwalimu, muuzaji alikuwa mnene ana baibui la kahawia?

Mwalimu_wa_Zamu: Huyo huyo! Na binti yake anaandika risiti.

Afande_Mstaafu: Aliniuzia na mimi.

Jalada_Limepotea: Mko watatu mpaka sasa. Kuna mwenye hati kati yenu, au wote mna karatasi ya serikali ya mtaa?

MamaWawili_Chanika: Karatasi.

Mwalimu_wa_Zamu: Karatasi, ina muhuri.

Afande_Mstaafu: Karatasi.