Maktaba ya chuo na mambo ya mazingira na afya, mbali na kubandika mabango inaweza fanya nini?

komredi_wa_ziwani:
Niaje wadau. Niko mwaka wa tatu, chuo kiko huku Kisumu, jina tuliache. Klabu yetu ya mazingira imeambiwa ikae na mkutubi tuandike pendekezo vile maktaba inaweza kusaidia yale malengo 17 ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa ya 2015, yenye mwisho wake ni 2030, pamoja na mambo ya kuishi na afya njema. Sasa kila tukikaa wazo ni mabango tu. Tayari tuko na moja mlangoni, rangi zote kama keki ya bathdei, na sijawahi ona mtu amesimama akalisoma, hata mimi nililisoma juzi juu stima ilikuwa imepotea. Nyinyi mngeandika nini?

rafu_ya_nyuma:
Nimefanya kazi maktaba ya chuo huku Western miaka kadhaa kwa hivyo naongea ninachokijua. Anzeni na vitu mko navyo. Mwanafunzi anatafuta makala ya malaria ama ya udongo anapata inaitisha dola thelathini, anafunga kompyuta anaenda zake, na hiyo makala pengine ingefunguka bure kupitia Research4Life, ule mpango wa kupea vyuo vya nchi kama yetu majarida ya utafiti bure ama kwa bei ya chini. Ndani yake kuna Hinari ya WHO, shirika la afya duniani, ya mambo ya afya, iko tangu 2002, AGORA ya FAO, shirika la chakula na kilimo, ni ya kilimo na chakula, na OARE ya mazingira. Vyuo kibao vimejiandikisha lakini paswadi iko kwa karatasi ndani ya droo ya mtu mmoja na huyo mtu yuko livu.
Kingine ni tasnifu. Gugumaji limetusumbua hapo Ziwa Victoria tangu miaka ya tisini na kila mwaka kuna mtu anaandikia Masters yake hapo, anaenda Dunga, ile bichi ya wavuvi Kisumu, anauliza wavuvi maswali mia moja, anavaa gauni, kitabu kinaingia rafu ya nyuma. Mvuvi hajawahi kuambiwa majibu yake yalifikia wapi.

nesi_naka:
Mimi niko Nakuru, ni nesi, acha niongee afya. WHO wanasema mtu mzima afanye mazoezi angalau dakika 150 kwa wiki na ale matunda na mboga gramu 400 kwa siku. Komredi wakati wa mitihani anakaa kiti kimoja kutoka asubuhi hadi saa nne usiku na amekula smocha mbili, soseji ndani ya chapati, hizo gramu zitatoka wapi? Nikisoma chuo, maktaba yetu ilikuwa imekataza chupa ya maji kabisa, eti vitabu vitalowa, basi ukishikwa na kiu unatoka nje unanunua soda ya plastiki. Wekeni tu mfereji wa maji safi hapo koridoni watu wajaze chupa zao. Na tafadhali msisifu watu kukesha humo. Mtu alale.

mbishi_wa_kondele:
Hizi ndoto ni poa lakini nusu ya kompyuta za maktaba yenu zimekufa, ama nadanganya? Kitu rahisi, hapo kwa kuprinti. Tunaambiwa tasnifu iwe upande mmoja wa karatasi, nafasi mbili, nakala tano, halafu lekchara anazungusha kalamu nyekundu kwa komma unaprinti zote upya. Ruhusuni pande mbili na rasimu zisomwe kwa skrini, hapo miti imepona na mfuko wangu pia.

komredi_wa_ziwani:
@mbishi_wa_kondele kompyuta tutaachia hapo 😂 @rafu_ya_nyuma, hayo majibu ya mvuvi tutayarudisha aje sasa?

rafu_ya_nyuma:
Msianze na zote. Chagueni tasnifu kumi, mwombe kila mwandishi ukurasa mmoja kwa Kiswahili ama Dholuo, bila majedwali, halafu siku moja mualike watu wa bichi waje wamuulize wao maswali. Nauli mlipe nyinyi.

mrenda_na_ugali:
Naunga mkono, na niongeze mboga. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alifanya utafiti mwingi wa mboga za kienyeji akiwa Maseno, wakati watu wengine walikuwa wanaziita magugu na chakula cha maskini. Saa hii managu, saga na mrenda ziko supamaketi hadi Nairobi. Lakini huo ujuzi ulianzia kwa kina mama, shosho yangu Kakamega alikuwa anapika mrenda na musherekha, ile chumvi ya majivu, hakungoja jarida limwambie. Kwa hivyo mimi ningefanya hivi: maktaba iazimishe mbegu. Unachukua kijiko cha saga, unapanda, ukivuna unarudisha vijiko viwili, na inaandikwa kwa kadi kama kitabu. Ila ulizeni kwanza sheria ya mbegu inasemaje msije mkashikwa.

nesi_naka:
Ukichelewa kurudisha faini ni nini, sukuma wiki?

komredi_wa_ziwani:
Nimeandika yote. Tumekutana na mkutubi leo, maji amekubali, kuprinti pande mbili anasema hiyo ni ya wakubwa wa masomo ya juu sio yake, mbegu alicheka halafu akauliza kama tuko na osuga, yaani managu kwa Dholuo. Tasnifu tunaanza na tatu, kumi ameona ni mingi. Bango linabaki, kumbe linaziba ufa wa ukuta.