Nina milioni 160: nichukue eskaveta ya minyororo au JCB?

Msamvu_Mpya
Wakuu habari za leo. Nataka kuingia kwenye biashara ya mitambo ya kuchimba. Mtaji ni milioni 160. Dalali mmoja ana eskaveta ya minyororo, Komatsu PC200-7, anaitaka 145, mwingine ana JCB 3CX kwa 95. Zote zimetumika. Ipi inarudisha hela haraka? Nataka nimalize wiki hii.

Baketi_Moja
Wiki hii? Hujasema uko mkoa gani, udongo gani, kazi gani, na nani atakubebea mashine. Saa mita (mita ya saa ambazo mashine imefanya kazi) zinasoma ngapi? Hiyo 160 ni yako au ya benki? Jibu kwanza, ushauri baadaye.

GrisiAsubuhi
Mimi bila hata majibu yake nasema JCB. Inatembea yenyewe barabarani mpaka kilomita 40 kwa saa, haisubiri lobedi (lori la kubebea mitambo). Mbele inapakia, nyuma inachimba, ikimaliza inafukia. Mafuta ni lita 6 hadi 8 kwa saa. PC200 ikifanya kazi ya kweli inakula 13 hadi 17. Piga 15 mara saa 8, ni lita 120 kwa siku, halafu zidisha na bei ya dizeli ya EWURA ya mwezi huu.

Mtaro wa bomba ndiyo usiseme. Mtaro wa sentimita 60 upana, kina mita 1.2, urefu kilomita moja ni mita za ujazo 720. Ingiza PC200 yenye baketi ya upana wa mita 1.1, unachimba 1,320. Hizo 600 za ziada hakuna anayekulipa, na utazifukia.

NyayoPana
Hesabu safi, ila umeficha kitu. Baketi inabadilishwa. PC200 inafungwa ya sentimita 60 vilevile, ni pini mbili tu. 3CX ya kawaida inashuka mita 4.3 hivi, PC200 inafika 6.6. Shimo la tangi au msingi wa ghorofa utaishia kuangalia. Na kupakia je? Baketi ya mita za ujazo 0.9, mzunguko sekunde 25, tipa la mita za ujazo 12 linajaa kwa dakika sita.

GrisiAsubuhi
Dakika sita kama tipa zipo. Jalala likiwa mbali, tipa linarudi baada ya dakika 40. Hapo unahitaji tipa nane, la sivyo eskaveta inasimama inaunguruma bure. Ataweza kuwa na tipa nane huyu?

FundiPampu
Mnabishana baketi wakati mtu ananunua kwa picha. Kuna PC200 moja iliuzwa kwa bei tamu, rangi inang'aa, saa mita 6,200. Asubuhi ilinyanyua bumu (mkono mkuu) vizuri kabisa, mnunuzi akalipa. Hakuna aliyesubiri ipate moto. Saiti, ikifika saa nne, bumu linapanda kwa uvivu, injini inalia lakini nguvu hakuna. Pampu kuu ilikuwa imeisha. Oili ya baridi ni nzito, inaziba uwazi wa pistoni zilizolika; ikichemka inavuja ndani kwa ndani.

Ikaletwa pampu nyingine. Ikafungwa jioni moja, oili ile ile ikachujwa kwa kitambaa ikarudishwa. Pampu ilidumu siku nane. Chuma kilichosagika kutoka pampu ya kwanza kilikuwa bado kimelala kwenye tangi, kwenye rejeta ya oili, kwenye mipira na ndani ya silinda, kikarudi chote kwenye pampu mpya. Ilitakiwa kumwaga oili yote, kufungua tangi na kuliosha kwa mkono, kushusha rejeta ya oili na kuisafisha, kusukuma oili chafu itoke kila silinda huku mpira wa kurudi umefunguliwa, kuweka filta mpya, kuendesha taratibu kwa siku mbili kisha kubadilisha filta tena. Tangi peke yake linameza zaidi ya lita 130. Watu wanaona uchungu kumwaga oili, halafu wanalipia pampu mbili.

Na zile 6,200? Pedali za kutembelea zilikuwa zimelika mpira mpaka chuma kinaonekana. Mita inarudishwa nyuma, pedali hairudishwi.

Kwa hiyo Msamvu_Mpya: iendeshe saa nzima, kisha pima presha. Ikiwa moto, isipofika karibu bar 350, ondoka. Nyanyua baketi yenye udongo, zima injini, weka alama kwenye fimbo ya silinda, subiri dakika kumi uone imeshuka kiasi gani. Fungua mfuniko wa oili injini ikiwaka. Moshi ukipuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka. Angalia meno ya sproketi (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) kama yamechongoka, na rola kama zinavuja. Minyororo, rola, aidla (gurudumu la mbele la mnyororo) na sproketi zikiisha kwa pamoja, hiyo milioni 15 utakayobaki nayo haitoshi kitu.

MamaKifusi
Nakazia hapo kwa 15. Ukilipa 145 umebaki na lobedi, bima, oili, filta, meno ya baketi, mipira ya akiba na mshahara wa opereta kabla hujapata senti. Na PC200 upana wake ni mita 2.8 au zaidi, mwenye lobedi lazima awe na kibali cha TANROADS, wakala wa barabara. Mkataba uandike lobedi ya kwenda na kurudi inalipwa na mteja, saa za chini kwa siku hata mashine ikisimama, na malipo ya awali. Makandarasi wengi wanakulipa wao wakishalipwa. Na ukitaka kuchukua kazi kwa jina lako badala ya kukodisha, kasajiliwe CRB, bodi ya makandarasi, kwanza.

Msamvu_Mpya
Asanteni sana wakuu. Niko Morogoro, kazi nyingi zipo Mvomero, mifereji ya mashamba ya mpunga. Milioni 100 ni za benki, nimeweka hati ya nyumba. Lobedi nitakodi.

Baketi_Moja
Hati ya nyumba ndiyo unaitaja leo!

NyayoPana
Mpunga maana yake mbuga, udongo mweusi. JCB ya matairi ikinyesha mvua moja haitoki hapo mpaka uite eskaveta ya mtu. Hapa ni minyororo yenye viatu vipana, milimita 700 au 800. Ila masika yakikolea, Machi mpaka Mei, hata hiyo itakaa, na marejesho ya benki hayajui masika. Ongea nao kabla hujasaini.

GrisiAsubuhi
Kwa mbuga nakubali. Lakini kiangazi chote je? JCB inapata kazi za mjini kila siku. Mashine ni siku za kazi.

FundiPampu
Ukichukua -7, angalau injini yake bado ni ya pampu ya kawaida. Ile -8 ni komoni reli (dizeli inasukumwa kwa presha kubwa sana), nozeli zake hazitaki maji wala dizeli ya madumu. Mteja akisema mafuta ataweka yeye, toa maji kwenye kichujio kila asubuhi.

OpeletaHuru
Na opereta mlipe kwa saa, siyo mshahara. Wa mshahara analala kivulini.

MamaKifusi
Wa saa anaiacha inaunguruma kivulini, mita inahesabu. Mshahara, na posho kwa mita za mfereji zilizopimwa.

OpeletaHuru
Mita za mfereji kwenye mwamba na kwenye tope ni sawa? Opereta mzuri hakubali huo mkataba.

MamaKifusi
Mvomero mwamba ameuona wapi? Na lita kwa saa ziandikwe kila siku. Ikisoma 22 kwenye tope laini, kuna dumu linatoka usiku.

Msamvu_Mpya
Nimewapigia madalali. Wa PC200 hataki iendeshwe saa nzima, anasema dakika kumi zinatosha. JCB saa mita yake imekufa.

FundiPampu
Imekufa au imeuawa?

Baketi_Moja
Ana mtu mwingine "anakuja na hela kesho", sivyo?

Msamvu_Mpya
Umejuaje mkuu

KijikoDom
Samahani kwa kuingilia uzi. Mwenye baketi nyembamba ya PC200, sentimita 60, pini za milimita 80, aje inbox. Niko Dodoma.