Naomba ushauri: nyoka wa kisiwani hudumaa au hukua zaidi?

Mwalimu_wa_Amu
Assalam aleikum ndugu zangu. Nafundisha sayansi hapa Lamu. Kijana mmoja wa chama cha sayansi ameokota gamba la nyoka chini ya mnazi huko Shela, zima kuanzia kichwani, hata vifuniko vya macho vimebaki. Walipolitandaza likapita urefu wa meza. Sasa darasa limegawanyika: wengine wasema kisiwa hudumaza kiumbe, wengine wasema humkuza. Wanataka kulifanya hili mradi wa kongamano la sayansi. Niwaongoze vipi?

Bint_Kiwayu
Wa aleikum salaam Mwalimu. Wape swali jingine: nyoka wa hapo anakula nini? Nyoka hatafuni wala hararui, humeza windo zima, kwa hiyo ukubwa wa kinywa ndio mpaka wa mlo wake. Kisiwa kikiwa na mawindo makubwa, mwenye mwili mkubwa hufaidika. Kikiwa na mijusi midogo tu, mwili mkubwa ni gharama isiyolipika.

Mfano ninaoupenda ni wa Australia. Nyoka wenye sumu wa jamii ya Notechis walibaki visiwani bahari ilipopanda baada ya zama za barafu, takriban miaka 10,000 iliyopita. Kwenye kisiwa cha Mount Chappell wamekuwa majitu kuliko wenzao wa bara. Huko ndege wa baharini hutaga ndani ya mashimo ya ardhini, na kwa majuma machache tu kila mwaka makinda hujaa. Nyoka wakubwa hushiba kupita kiasi, kisha huishi kwa mafuta ya mwilini miezi mingi. Nenda kisiwa cha Roxby, jamii ile ile, wanakula mijusi na ni wadogo. Bahari ni ile ile inayowazunguka.

Kijana_Malindi
Hapo kuna la kuongeza. Je, ni lishe au ni urithi? Yote mawili. Boa, nyoka wasio na sumu wanaobana windo kama chatu, wa visiwa vya Cayos Cochinos, Honduras, ni wadogo kuliko wa bara. Nao watoto wa boa wa visiwani wa Amerika ya Kati, hata wakilelewa pamoja na wa bara, hubaki nyuma kwa ukuaji. Lakini watoto wa Notechis waliolishwa mawindo makubwa walikuza taya ndefu zaidi. Wanafunzi wako wataipenda hiyo.

Nahodha_Faza
Mwalimu, usiwape matumaini ya kukuta jitu Amu. Kati ya Manda, kisiwa jirani, na bara kuna mlango wa bahari wa Mkanda, mwembamba, na mikoko imeshikana. Halafu vyombo vyaleta makuti, boriti na magunia kila siku, nyoka hujificha humo. Damu ya bara yaingia daima. Tofauti ya mwili yataka utengano wa muda mrefu.

Bint_Kiwayu
Kweli kabisa, Nahodha. Na lile gamba lisiwadanganye: likivuliwa hutanuka, kwa hiyo ni refu kuliko nyoka mwenyewe. Waandike "gamba" kwenye jedwali, wasiandike "nyoka".

Nakusihi sana, mtoto yeyote asishike nyoka, hata aliyeonekana amekufa. Kifutu hulala kimya kwenye majani makavu na huuma mtu akimkanyaga. Huko Watamu kuna kituo cha Bio-Ken, wanaofuga nyoka na kuhangaikia suala la sumu. Waandikie, omba ushauri wao kabla ya kuanza.

Mwalimu_wa_Amu
Allah awalipe kheri. Tumebadilisha swali: tutaorodhesha mawindo yanayopatikana Shela, panya, vyura, mijusi na ndege, tuyalinganishe na yale ya shamba la bara upande wa Mokowe. Nahodha, wanafunzi wangependa uje uwasimulie habari za mizigo ya makuti.

Nahodha_Faza
Nitakuja baada ya Ijumaa, inshallah. Waambie waandae maswali.